Seli shina ndani ya diski ya mgongo: zitakula nini, na nani atazishika?

Katika habari za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp, zenye picha ya uti wa mgongo uliopakwa rangi nyekundu na ahadi ya kupona bila upasuaji, kuna jambo moja ambalo sijaliona likisemwa: kwamba diski ya mgongo ni mojawapo ya sehemu ngumu kabisa mwilini kwa seli hai kuishi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Dar es Salaam, na wanaokuja kwangu ni wabeba mizigo, mafundi cherehani, madereva wa malori, wauguzi wanaoinua wagonjwa usiku kucha. Huja na bahasha kubwa ya picha za MRI kwapani, na siku hizi huja pia na tangazo kwenye simu. Mzee mmoja aliyebeba magunia sokoni tangu ujana wake alinionyesha tangazo la hospitali ya nje ya nchi, akaniuliza, "Mwanangu, nikiuza kiwanja nikaenda, nitarudi mzima?" Nilimwambia, "Mzee wangu, kiwanja usiuze kwanza." Sababu za jibu hilo ni ndefu kuliko muda wa kliniki, na ndizo ninazotaka kuzieleza hapa, kwa kuwa sayansi yenyewe ni ya kweli na inastahili kuelezwa vizuri, mbali na wanaoiuza kabla haijaiva.

Kati ya pingili na pingili, kuanzia shingoni hadi kiunoni, tuna diski 23. Nje ya kila diski kuna pete ya nyuzi za kolajeni zilizopangwa kwa tabaka, kati ya 15 na 25 hivi, na nyuzi za tabaka moja zimelala mshazari kinyume na za tabaka linalofuata, jambo linaloipa pete uimara wa kuhimili mwili unaopinda na kugeuka. Ndani ya pete kuna kiini laini, na juu na chini kuna bamba jembamba la gegedu linaloitenga diski na mfupa wa pingili. Kiini cha kijana ni maji kwa asilimia 80 na zaidi. Maji hayo hushikwa na molekuli kubwa iitwayo agrekani, iliyosheheni chaji hasi. Chaji hizo huvuta chumvi, na chumvi huvuta maji.

Anayetaka kuiona nguvu ya uvutaji huo anaweza kwenda buchani akaomba kipande cha mkia wa ng'ombe. Hata maabara kubwa za Ulaya hutumia diski za mkia wa ng'ombe kutoka machinjioni, kwa sababu kiini chake kinakaribiana sana na cha binadamu kijana. Niliwahi kufanya hivyo pamoja na wanafunzi waliokuwa mafunzoni kwetu. Ukipitisha kisu kikali kati ya pingili mbili, utakutana kwanza na pete nyeupe inayokataa kukatika, halafu kiini kinachong'aa, kinachonata kidogo kidoleni na kuponyoka kila unapojaribu kukishika kwa koleo. Tulikitia kwenye kikombe cha maji tukakiacha. Asubuhi kilikuwa kimevimba kiasi kwamba kisingeweza tena kurudi katika tundu kilimotoka, na kingo zake zilikuwa zimelainika na kufifia ndani ya maji. Nguvu hiyo ya kuvimba, inapobanwa na pete ili isitoke, ndiyo inayobeba uzito wa mwili.

Uzito huo umepimwa. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walichapisha vipimo vya shinikizo ndani ya diski ya kiunoni ya mtu mmoja aliyejitolea kuwekewa kipimo humo na kuendelea na shughuli zake. Akiwa amelala chali, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.10. Akisimama, 0.50. Alipoinua kilo 20 kwa kukunja magoti lilifika 1.7, na alipoinua kilo zile zile kwa kuinamisha mgongo lilifika 2.3. Usiku alipolala, shinikizo lilipanda polepole kutoka 0.10 hadi 0.24, kwa kuwa kiini kilikuwa kikirudisha maji yaliyokamuliwa mchana. Hiyo ndiyo sababu sote huamka tukiwa warefu kidogo kuliko tulivyokuwa wakati wa kulala. Naomba msomaji azishike namba hizi, maana jeli yoyote itakayoingizwa ndani ya diski ili kuzishika seli itakutana nazo siku ile ile mgonjwa atakapoinuka kitandani.

Sasa tuje kwenye chakula. Diski ya mtu mzima ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini kisicho na mishipa ya damu ndani yake. Sukari na oksijeni hutoka kwenye mishipa midogo iliyo katika mfupa wa pingili, hupenya bamba la gegedu, kisha husafiri polepole hadi katikati, safari inayoweza kufika milimita 7 au 8. Taka nazo hurudi kwa njia hiyo hiyo. Kwa kuwa oksijeni ni haba, seli za humo huunguza sukari bila oksijeni na kuzalisha asidi ya laktiki, hivyo mazingira yao huwa na uchachu. Ndiyo maana seli zenyewe ni chache mno, kiasi cha 4,000 tu kwa kila milimita moja ya ujazo ya kiini. Umri unapoongezeka bamba la gegedu huweza kuingiwa na chokaa na kupitisha chakula kidogo zaidi. Seli hufa au hubadilika, agrekani humomonyoka, maji hupungua, na kiini kilichokuwa cheupe kwenye picha ya MRI huonekana cheusi. Wagonjwa wangu husema "pingili zimesagika", na mara nyingi kinachozungumziwa ni hiki: diski iliyokauka na kupungua kimo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa. Tukiwa tumboni mwa mama, kiini cha diski hujengwa na seli za asili za notokodi (ule uzi laini wa kiinitete ambao uti wa mgongo hujengwa kuuzunguka), ambazo ni hodari sana wa kutengeneza agrekani. Kwa binadamu seli hizo hutoweka utotoni na nafasi yake huchukuliwa na seli ndogo zaidi zinazofanana na za gegedu. Mbwa wengi hubaki nazo kwa muda mrefu wa maisha yao, lakini mbwa wa miguu mifupi kama Dachshund huzipoteza mapema, na ndio mbwa wanaosifika kwa kuugua diski wakiwa bado vijana. Haishangazi basi kwamba mradi mkubwa wa Ulaya uitwao iPSpine, ulioanza mwaka 2019, uliongozwa kutoka kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, chini ya Marianna Tryfonidou. Lengo lake lilikuwa kuchukua seli za mtu mzima, kuzirudisha katika hali ya ujana kwa njia iliyogunduliwa na Shinya Yamanaka wa Japani mwaka 2006, kisha kuzielekeza ziwe seli za notokodi.

Seli zilizotumika zaidi hadi sasa, hata hivyo, ni zile zinazotolewa kwenye uboho wa nyonga, ambazo Arnold Caplan wa Marekani alizipa jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991. Katika chombo cha maabara zinaweza kugeuka kuwa seli za mfupa, gegedu au mafuta. Wengi walitumaini kwamba zikidungwa ndani ya diski zitageuka kuwa seli za kiini na kuanza kazi. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba mchango wake mkubwa huenda ni ishara za kikemikali zinazotuliza uvimbe na kuziamsha seli zilizopo, na Caplan mwenyewe mwaka 2017 aliandika akitaka jina lile libadilishwe, kwa kuwa neno "shina" lilikuwa linawapa wagonjwa matumaini yasiyolingana na kazi ya seli hizo. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini liwe lipi kati ya hayo mawili, kugeuka au kutuma ishara, seli lazima kwanza ziwe hai na ziwe mahali pake, na mgonjwa anayedungwa mamilioni ya seli katika diski iliyokwisha kukauka anaongezewa walaji huku chakula kikiwa kile kile.

Kubaki mahali pake nako si jambo dogo. Diski iliyochakaa huwa na nyufa katika pete, na ndani yake mna shinikizo. Seli zikidungwa katika maji ya chumvi peke yake, nyingi hurudi nje kupitia njia ya sindano au nyufa hizo. Gianluca Vadalà na wenzake walionyesha hatari ya jambo hilo katika utafiti wa sungura uliochapishwa mwaka 2012: seli zilizovuja zilikutwa kando ya diski, mahali palipoota vijipembe vya mfupa, huku diski yenyewe ikiwa haijapona. Isitoshe, sindano yenyewe ina gharama. Mwaka 2009 Eugene Carragee na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 10 watu waliodungwa diski kwa ajili ya uchunguzi tu, wakakuta diski zilizodungwa zimechakaa zaidi kuliko za watu wanaofanana nao ambao hawakudungwa. Tiba hii, kwa namna ilivyo leo, inalazimika kutoboa tairi ili kulijaza upepo, na ni haki ya mgonjwa kulijua hilo kabla ya kulala kifudifudi mezani.

Hapo ndipo haidrojeli inapoingia, na kwa maoni yangu ndiyo nusu ya habari iliyo muhimu zaidi ingawa haitajwi kwenye matangazo. Haidrojeli ni mtandao wa nyuzi za molekuli unaoshika maji mengi bila kuyeyuka, yaani ni kitu cha jamii moja na kiini chenyewe. Inatakiwa iwe nyepesi kiasi cha kupita katika sindano nyembamba, halafu iwe nzito mara ifikapo ndani. Iwe na nafasi za kupitisha sukari na oksijeni, lakini isiwe legelege mbele ya shinikizo la mtu anayeinua mzigo. Ishikamane na kuta za tundu ilimomiminwa, isije ikasukumwa nje. Masharti haya yanagombana yenyewe kwa yenyewe, kwa kuwa kila unapobana mtandao ili uwe imara unapunguza nafasi ya kupitisha chakula.

Watafiti wamelijibu fumbo hilo kwa njia tofauti. Daisuke Sakai, Joji Mochida na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tokai, Japani, mwaka 2003 walichapisha kazi waliyofanya kwa sungura, wakiwa wameziweka seli za uboho ndani ya jeli ya kolajeni. Wengine hutumia asidi ya haialuroniki, ile ile inayopatikana katika ute wa magoti. Katika Chuo Kikuu cha Sheffield Hallam, Uingereza, Christine Le Maitre na wenzake walitengeneza jeli ambayo ni majimaji katika nyuzijoto 39 na huganda inapopoa hadi 37, hivyo joto la mwili wa mgonjwa ndilo linaloigandisha. Nayo timu ya Hideki Sudo katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, inatumia alginati iliyosafishwa sana, itokanayo na mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba ni wa jamii nyekundu na hutoa jeli nyingine, karajinani, kwa hiyo msomaji asichanganye.) Wao huimimina alginati katika tundu linalobaki baada ya daktari kuondoa kipande cha diski kilichotoka, kisha huweka mmumunyo wa kalsiamu juu yake ili igande. Walianza na jeli tupu, bila seli, na ilionyesha faida katika sungura na kondoo. Baadaye wakaichanganya na seli za uboho. Utaratibu huo wa kuipima jeli peke yake kwanza unanipendeza sana, maana bila hivyo hutajua ni kipi kilichofanya kazi.

Historia nayo inatuonya. Katika miaka ya 1990 daktari Charles Ray wa Marekani alitengeneza kiini bandia cha haidrojeli kilichofungwa ndani ya mfuko wa nyuzi za plastiki, kikawekwa kwa wagonjwa baada ya upasuaji wa diski. Kilivimba kwa maji kama kilivyokusudiwa, lakini kwa baadhi ya wagonjwa kilihama na kutoka nje ya diski, ikabidi wapasuliwe tena. Pete iliyotoboka haikuweza kukizuia. Kwa sababu hiyo nafuatilia kwa karibu kazi ya Lawrence Bonassar na Roger Härtl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambao pamoja na wenzao mwaka 2020 walichapisha matokeo ya kondoo waliojazwa kiini kwa jeli ya haialuroniki na kuzibwa tundu la pete kwa jeli nzito ya kolajeni, iliyogandishwa kwa vitamini B2 na mwanga. Kujaza na kuziba kwa pamoja kulilinda diski vizuri kuliko kufanya kimoja tu.

Na kwa binadamu? Mwaka 2011 Lluis Orozco na wenzake wa Hispania waliripoti wagonjwa 10 waliodungwa seli za uboho wao wenyewe. Maumivu yalipungua ndani ya miezi mitatu, maji ya diski yaliongezeka kidogo, kimo cha diski hakikurudi. Hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka 2017 David Noriega na wenzake wa Valladolid waliwagawa wagonjwa 24, nusu wakipewa seli milioni 25 zilizotolewa na watu wengine, nusu wakipewa sindano ya ganzi pembeni ya mgongo. Waliopata seli walipata nafuu zaidi kwa wastani, ingawa wapo ambao hawakupata chochote. Kisha yakaja majaribio makubwa. Kampuni ya Mesoblast ya Australia ilitoa mwaka 2021 matokeo ya watu 404, na lengo kuu lililowekwa mwanzoni halikufikiwa. Maumivu yalionekana kupungua zaidi kwa waliopata seli pamoja na asidi ya haialuroniki, hasa wale ambao ugonjwa wao haukuwa wa miaka mingi, na kwa msingi huo jaribio jingine likaanza mwaka 2024. RESPINE, jaribio lililogharamiwa na Umoja wa Ulaya, liliwagawa wagonjwa 114, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha tofauti kati ya seli na sindano ya kiigizo, yaani isiyo na seli, si kwa maumivu wala kwa picha za MRI. Makundi yote mawili yalipata nafuu.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayowarudia wagonjwa wangu. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kutafuta tiba siku yalipopanda zaidi. Ukimsikia jirani akisema alidungwa seli akapona, amini kwamba amepona, lakini usihitimishe kwamba seli ndizo zilizomponya. Vivyo hivyo picha: uchambuzi wa Waleed Brinjikji na wenzake wa mwaka 2015, uliowahusu watu 3,110 wasio na maumivu yoyote, ulikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Diski nyeusi kwenye MRI yako inaweza kuwa ndiyo chanzo cha maumivu, na inaweza kuwa ni mvi tu za ndani. Aliyetokwa na diski ikabana mshipa wa fahamu wa mguu naye ana sababu ya subira, kwa kuwa mara nyingi kipande kilichotoka hunywea chenyewe kwa miezi kadhaa. Asiyepaswa kusubiri hata siku moja ni yule aliyeanza kushindwa kuzuia haja, aliyekufa ganzi sehemu za siri au ambaye mguu unazidi kukosa nguvu. Huyo aende hospitali leo.

Madhara ya sindano zinazouzwa kabla ya kuthibitishwa si hadithi za kutisha watu. Desemba 2018 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliripoti wagonjwa 12 walioambukizwa bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama seli shina, na miongoni mwao walikuwamo waliougua maambukizi ya viungo na ya uti wa mgongo. Ndani ya diski, ambako damu haifiki, dawa za kuua bakteria nazo hufika kwa shida.

Jaribio ninalolisubiri ni lile litakalokuwa na makundi manne: seli ndani ya jeli, jeli tupu, seli bila jeli, na sindano ya kiigizo, kwa wagonjwa ambao diski zao bado zina kimo na bamba la gegedu linalopitisha chakula, wakifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Natarajia jeli ndiyo itakayotangulia kuingia hospitalini, labda kwanza kwa wagonjwa ambao tayari wanafanyiwa upasuaji wa diski iliyotoka, kwa kuwa kwao tundu limekwisha kufunguliwa na hakuna haja ya kutoboa jingine. Hadi hapo, anayeletewa tangazo aulize: seli zimetoka wapi na nani amezipima, zinadungwa ndani ya kitu gani, diski itazibwa vipi, jaribio limesajiliwa wapi na kwa namba gani, na nani atagharamia matibabu likitokea baya. Majaribio halali ya aina hii kwa kawaida hayamtozi mgonjwa. Kliniki inayodai fedha nzima kabla ya sindano, na haina namba ya usajili ya kuonyesha, haijafikia hatua ya kupewa mgongo wa mtu.